Pazia la Kisogoni

Njia ya kwenda Kisogoni haina haja ya kuelezwa. Nchi nzuri ndizo zinazohitaji ramani. Nchi ya namna ile mtu huifikia hata akiwa usingizini, na wengi waliokwisha kuifikia hawajijui. Itoshe kusema kwamba ipo, kwamba imezungukwa na jangwa la mawe mekundu, kwamba imepasuliwa katikati na korongo refu kuliko mazungumzo ya mahari, na kwamba siku Mzee Hoza na mkewe walipoingia huko yalikuwa majira ya baridi, theluji ikidondoka juu ya mchanga kama vile kuna mtu huko juu anapepeta unga wa muhogo na hana haraka ya kumaliza.

Mzee Hoza alikuwa dereva wa malori mstaafu kutoka Korogwe, mwenye kitambi cha heshima na mapenzi makubwa ya kupigwa picha. Ukuta wa sebule yake ulikuwa ushahidi: Hoza mbele ya daraja, Hoza mbele ya hoteli aliyoishia mlangoni, Hoza mbele ya ndege ambayo hakuipanda. Mkewe, Bi Mwanahija, alikuwa mwalimu wa jiografia. Miaka yake yote ya kazi aliwachorea watoto korongo kwa chaki, tabaka juu ya tabaka, akiwaeleza jinsi maji yanavyokula jiwe, ilhali bonde lenye kina kuliko yote aliyopata kuyaona lilikuwa mtaro wa nyuma ya vyoo vya shule.

Kisha daktari akamwambia kwamba presha ya macho imekwisha kula pembe zote. Amebakiwa na nafasi ndogo katikati, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na hiyo nayo haitafika masika. Bi Mwanahija hakulia. Alifunga mkoba wake, akamgeukia mumewe pale pale kliniki.

"Baba Tunu, kabla mlango huu haujafungwa, nataka kuona korongo. La kweli."

"Nitakupeleka," akasema Mzee Hoza.

Watoto wao walipinga kwa simu, mmoja baada ya mwingine: umri, baridi, gari bovu, watu watasemaje. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, halafu akatoka nje kukagua matairi.

Langoni mwa Kisogoni walikuta jiwe limechongwa ubeti:

Mgeni ukishafika, geuka upe kisogo,
Uso wako utaweka, mbele ya wetu kigogo,
Ukitazama hakika, umejitakia zogo,
Mwenye macho hajafika, abebe wake mzigo.

Vina vilikuwa sawa, mizani ilikuwa sawa. Kilichopungua ni akili tu, na hiyo haipimwi kwa mizani. Kando ya jiwe alisimama mtu aliyevaa shati jepesi la mikono mifupi, amewapa mgongo.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema yule mgongo.

"Marahaba. Mbona hututazami, mwanangu?"

"Nawaheshimu mno, mzee. Hapa kwetu akupaye kisogo ndiye mwenzio."

"Kwetu husemwa kinyume chake."

"Najua. Ndiyo maana kwenu hakuna watalii."

Jina lake lilikuwa Bwana Utosi, Mwelekezi wa Wageni Daraja la Kwanza. Aliingia garini, akapiga magoti juu ya kiti cha mbele na kuelekea nyuma, na kwa namna hiyo akaanza kumwelekeza dereva njia. Bi Mwanahija aliyekaa nyuma alijikuta anatazamana naye ana kwa ana, jambo lililomtia Bwana Utosi aibu mpaka akafumba macho.

Barabara waliyoishika iliitwa Barabara ya Mandhari. Ilifuata ukingo wa korongo tangu mwanzo wa nchi hadi mwisho, na upande wote wa korongo ulijengwa ukuta mrefu kuliko lori. Juu ya ukuta lilichorwa korongo: mto wa kijani, miamba ya waridi, na jua la manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Mmejenga ukuta mbele ya mandhari?" akauliza Bi Mwanahija.

"Si mbele, mama. Badala."

"Na huko nyuma yake ndivyo kulivyo?"

"Sharti kuwe hivyo. Wachoraji wetu ni waaminifu. Kila mmoja alinakili kwa mwenziwe bila kuongeza hata jani."

"Na yule wa kwanza alinakili wapi?"

Bwana Utosi alifumbua jicho moja. Akashusha sauti. "Mama yangu, hilo ni swali la mtu aliyekuja kutazama. Usilirudie mbele za watu."

Nyumba za kando ya njia hazikuwa na dirisha hata moja upande wa korongo. Mbele ya kila mlango mtu alikuwa amekaa kibarazani anajipepea kwa kipepeo cha ukindu, midomo imekuwa ya buluu, theluji imemkaa mabegani. Mzee Hoza aliuliza kulikoni. Akaelezwa kwamba katika picha rasmi ya nchi kuna jua. Kwa hiyo kuna joto. Makoti yalikuwa hayajakatazwa. Yalikuwa tu yanatazamwa kama matusi. Mzee Hoza akavuta kola ya koti lake juu zaidi, na Bi Mwanahija akajizungushia blanketi mara mbili, wakatukana nchi nzima kwa mpigo mmoja.

Kituo kikuu kiliitwa Ukingoni. Hapo ukuta uliachwa nafasi, na katika nafasi hiyo, kwenye mdomo wenyewe wa korongo, lilitundikwa pazia. Mtu yeyote aliyewahi kupiga picha ya Idi studio analijua pazia lile: limechorwa kitu ambacho hakipo ili usimame mbele yake uonekane uko. Tofauti ni kwamba hili lilichorwa kitu ambacho kipo, nacho kilikuwa nyuma yake hatua chache tu.

Foleni ilikuwa ndefu. Kila aliyefikiwa na zamu alikanyaga nyayo zilizochongwa mwambani, mgongo kwa pazia, akatabasamu. Mbele yake Fundi Kope, mchoraji wa serikali, aliyejulikana kwa kutoinua kope zake zaidi ya ulazima, alimchora uso juu ya ubao ambao korongo lake lilikuwa limekwisha kuchorwa tangu kiwandani.

"Na lile pazia limeshikizwa vizuri?" Mzee Hoza akamuuliza Bwana Utosi, kwa jicho la dereva aliyefunga maturubai mengi.

"Juu limeshikizwa. Chini hapana. Wapo wageni huliegemea."

"Halafu?"

"Halafu wanakuwa wamefika zaidi."

Bwana Utosi akawaeleza sheria, naye alikuwa mtu wa kuieleza vizuri. Ubao ndio kufika. Asiye na ubao hajafika. Na kwa kuwa mtu hawezi kuondoka mahali ambapo hajafika, asiye na ubao haruhusiwi kutoka langoni. Aliyetazama nyuma ya pazia hachorwi tena, kwa sababu uso wa aliyetazama huwa na mshangao, na mshangao haumo katika sura zilizoidhinishwa. Watu wa namna hiyo huwekwa katika Kambi ya Wasiofika.

"Wapo wengi?"

"Hawahesabiki, mzee. Mtu hajafika, utamhesabu vipi?"

Mzee Hoza alichorwa. Lazima isemwe kwamba alifurahi. Alipandisha kifua, akaweka mkono mmoja mfukoni kama mtu mwenye mifugo, na Fundi Kope akamnong'oneza: "Tumbo nimelipunguza, mzee wangu." Ubao ulikuwa wa wawili, kama ilivyo kwa mume na mke; upande wa pili uliachwa wazi kumsubiri Bi Mwanahija.

Bi Mwanahija hakusogea.

"Mama Tunu, zamu yako."

"Mimi sikuja kuchorwa."

"Simama kidogo tu. Tabasamu, halafu tutaona mambo mengine."

"Tutaona nani, Baba Tunu? Mimi kesho sioni." Hakupaza sauti. "Kwanza hata sasa, nikikuangalia wewe naona pua. Nikitaka na masikio lazima nizunguke."

Mzee Hoza alikuna kichwa. Maisha yake yote barabarani alivuka vizuizi kwa maneno matamu, na aliamini hakuna geti lisilofunguka kwa anayejua kusema. Akamwomba Bwana Utosi amfikishe kwa wakubwa. Yeye angewaeleza ugonjwa wa mkewe, na wakubwa, wakiwa binadamu, wangeelewa. Hapo ndipo alipokosea: aliwahesabia wakubwa kitu ambacho hawakuwa wamekiomba.

Baraza la Kisogoni lilikaa uwanjani, mduara, kila mjumbe akitazama nje na kumpa mgongo mwenziwe, ili pasiwepo anayeshawishiwa na uso wa mtu. Wote walivaa mashati mepesi. Kura hazikupigwa kwa mikono. Aliyetetemeka alihesabiwa ameafiki, na katika majira yale Baraza halikuwa limekataa hoja yoyote ya mwenyekiti. Mwenyekiti aliitwa Mheshimiwa Kidevu.

"Ombi ni nini?" akauliza, akiuelekea mnazi wa plastiki uliopandwa kwa heshima ya joto.

"Mheshimiwa, mke wangu anapofuka," akasema Mzee Hoza. "Anaomba atazame korongo lenu mara moja. Mara moja tu, kabla macho hayajafa."

Minong'ono ikazunguka mduara.

"Bibi anapofuka," akasema Mheshimiwa Kidevu taratibu. "Basi ana bahati. Sisi wengine tumefanya kazi kwa bidii miaka mingi kuifikia hali hiyo."

Wajumbe wakatetemeka. Ikaandikwa kuwa wameafiki.

Hapo mjumbe mmoja mnene akaomba nafasi. Ikumbukwe kwamba Kisogoni ina vyama viwili: Chama cha Kijani, kinachosema mto wa korongoni ni wa kijani kwa kuwa ubao wa babu yao ulikuwa wa kijani, na Chama cha Buluu, cha wale ambao babu yao aliishiwa rangi ya kijani. Kwa ajili ya hitilafu hiyo watu walikuwa wameachana na wake zao, na soko lilikuwa na milango miwili.

"Mimi sioni ubaya bibi akitazama," akasema yule mnene, ambaye alikuwa Kijani, "ilimradi aape kwanza kwamba atakachokiona ni cha kijani."

"Aape kwamba ni cha buluu, nasi tutamruhusu leo leo," akasema mwingine.

"Hamwezi mkatuma mtu wenu akatazame?" akauliza Bi Mwanahija.

Mduara mzima ukainamisha vichwa, kama watu waliosikia neno la faragha likitamkwa mbele ya wakwe zao.

"Mama," akasema Mheshimiwa Kidevu, "tukitazama, mmoja wetu atakuwa amekosea. Tusipotazama, wote tuko sahihi. Wewe ungechagua lipi?"

"Mimi nilikuwa mwalimu. Mwanafunzi akileta jibu kabla ya swali nilimpa sifuri."

"Naam, hata hapa tunazitoa. Huitwa nishani."

Uamuzi ukasomwa. Ombi limekataliwa kwa huruma. Kwa kuzingatia hali ya mgonjwa, atachorewa ubao mkubwa kuliko wa kawaida, wenye rangi nene, ili atakapopofuka aupapase. Mheshimiwa Kidevu aliongeza, kwa sauti iliyolainika kweli kweli, kwamba mama yake mwenyewe aliupapasa wa kwake mpaka alipofariki, na hakuwahi kulalamika.

Wakarudi Ukingoni. Mawingu yalikuwa yameanza kupasuka na theluji imekoma. Walikaa garini, Mzee Hoza ameushika usukani wa gari lililosimama.

"Tumejitahidi," akasema.

"Wewe umejitahidi, na umefika. Ubao unao." Bi Mwanahija alikuwa anapapasa kitasa cha mlango. "Nenda nyumbani ukautundike karibu na ile ndege."

"Unakwenda wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Mama Tunu, huoni unapokanyaga. Chini kuna barafu, na ukingo hauna hata kamba. Utaanguka."

"Nitakuwa nimefika zaidi."

Alishuka. Mzee Hoza akabaki anamtazama kupitia kioo: mwanamke mfupi ndani ya blanketi, mkono mmoja mbele, anapima ardhi kwa ncha ya kiatu kama anayepima maji ya mto. Akautazama ubao juu ya kiti. Uso wake mwenyewe ulimtabasamia, mwembamba, wenye afya, mbele ya mto ambao hakuna aliyejua rangi yake, na pembeni yake palikuwa na nafasi tupu yenye umbo la mtu. Alijua kabisa kwamba atakayevuka lile pazia hatatoka langoni. Alijua pia kwamba tundu la ufunguo halitoshi kuona korongo na miguu kwa wakati mmoja. Mmoja wao ilibidi atazame chini.

Akatukana tusi la madereva, la zamani, akashuka.

Alipita kando ya foleni, akausimamisha ubao wake juu ya nyayo za mwambani, akauegemeza kwa jiwe. Kisha akamshika mkewe kiwiko.

"Mguu wa kulia. Hapo pana utelezi. Haya, mwingine. Inama."

Wakainua pindo la pazia, wakapita.

Foleni haikushtuka. Katika nafasi ya mzee aliyetabasamu palikuwa na mzee anayetabasamu, na Bwana Utosi alikwisha kumwambia ule ubao "Tabasamu vivyo hivyo, mzee wangu" mara mbili kabla hajaona kwamba haupumui.

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya. Mzee Hoza alimsimamisha mkewe mbali kidogo na ukingo, akasimama nyuma yake na kumshika mabega yote mawili. Yeye mwenyewe alikodolea macho viatu vyake, kwa mazoea na kwa hofu.

"Nianzie wapi?" akauliza Bi Mwanahija. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepewa sahani kubwa mno.

"Ngoja." Ilimbidi ainue macho.

Dunia ilikuwa imefunguliwa kama tumbo la samaki. Jiwe jekundu lilishuka, likasimama, likashuka tena, na kila kidaraja kilikuwa na theluji juu yake, nyekundu na nyeupe, nyekundu na nyeupe, mpaka chini ambako macho yalichoka. Kivuli cha wingu kilikuwa kinapanda ukuta wa ng'ambo polepole kama mtu mzima anayepanda ngazi. Mzee Hoza alikuwa amesimama mbele ya mambo mengi maishani mwake. Hili lilikuwa la kwanza kusimama nalo uso kwa uso, na hata lile tusi la zamani halikumjia.

"Baba Tunu."

"Anza juu," akasema. Alimshika kichwa kwa viganja viwili, akakielekeza kama anayerekebisha taa ya gari. "Hapo. Sasa shuka taratibu. Nitakwambia pa kusimama."

Alishuka naye. Walipofika kwenye mstari mweupe ambao haukuwa theluji, alimsimamisha.

"Chokaa," akasema Bi Mwanahija. "Hapa palikuwa na bahari." Baadaye kidogo akasema, "Nimewadanganya watoto wa watu. Mimi niliichora hii mistari imenyooka kwa rula."

"Haijanyooka?"

"Itazame. Inapumua."

"Naiona."

"Mto uko wapi?"

Akamshusha mpaka chini. Mto ulikuwa umeganda karibu wote. Katikati yake tu mfereji mwembamba ulikuwa ukitembea, rangi ya chai ya maziwa. Si chama hiki wala kile. Bi Mwanahija alicheka kwa sauti mpaka blanketi likamtoka begani.

Kicheko kilisikika upande wa pili.

"Wazee wangu," ikaita sauti ya Bwana Utosi karibu kabisa na kitambaa. "Rudini. Bado mnaweza kufika."

"Njoo utuchukue," akajibu Bi Mwanahija bila kugeuza kichwa.

"Nikija huko nitaona, mama."

"Ndiyo, utaona."

"Nina cheo, mama. Nina watoto shuleni."

"Basi baki nao, mwanangu. Sikulaumu."

Wakasikia mashauri. Mheshimiwa Kidevu aliletwa. Ilijadiliwa nani aingie, na kila aliyetajwa alimtaja mwenziwe. Mmoja akapendekeza waingie kinyumenyume, na wazo hilo likaungwa mkono sana mpaka mtu akakumbusha ulipo ukingo. Mwishowe Mheshimiwa akatoa tamko. Kwa kuwa mzee anaonekana kwenye ubao wake, akitabasamu, mzee hajaondoka popote. Kwa kuwa bibi hana ubao, hakuwahi kufika. Na kwa kuwa nyuma ya pazia hakuna kitu kisichokuwa tayari mbele ya pazia, hakuna mtu huko. Sauti ziwe za upepo. Wajumbe wakatetemeka wote.

Mzee Hoza aliangaza macho kushoto na kulia. Ukingo ulikwenda mbali kufuata korongo, mwamba mpana wa kutosha watu wawili, na kote huko, hadi macho yalipokomea, hapakuwa na geti, wala askari, wala kamba. Kisogoni nzima ilikuwa imeugeuzia mgongo ukingo wake wenyewe. Ilikuwa njia iliyo wazi kuliko zote alizowahi kuziendesha, na hakuna aliyeilinda kwa sababu kuilinda kungehitaji kuitazama.

"Tutatokea kule ng'ambo ya jangwa," akasema. "Kuna moshi kule, panaishi watu. Ila gari..."

"Una uchungu na gari."

"Ninao." Akafikiri kidogo. "Liache. Limefika."

Akamvika blanketi upya na kulifunga fundo chini ya kidevu, kama alivyokuwa akifunga mizigo ya safari ndefu. Wakaanza kwenda, yeye upande wa ukingo, macho yake chini kwenye barafu, mkewe upande wa ndani, macho yake yamegeukia korongoni, wamegawana macho: mmoja akiona njia, mwingine akiona walichokifuata. Jua lilikuwa limetoka kabisa sasa, dogo na jeupe, halikufanana hata kidogo na kiini cha yai.

Kila kona Bi Mwanahija alisimama. "Bado kidogo," alisema. Na Mzee Hoza, aliyekuwa na haraka ya kufika maisha yake yote, alisimama naye.